Mwanafunzi wa sekondari kwenye biashara yako: mwongozo kamili wa kumwandaa kwa kazi

Likizo ya Juni mwaka jana, binti wa kidato cha tatu alisimama kwenye karakana yangu ya samani hapa Kihonda, Morogoro, akiangalia fremu ya mlango iliyolazwa chini. Upana sentimita 90, urefu 210. Fundi wangu alivuta tepu akapima kona kwa kona: upande mmoja ukasoma 230, wa pili 227. "Imekwenda upande," akasema, akaanza kuigonga kona taratibu. Binti akamuuliza, "Shikamoo fundi, kwani inatakiwa isome ngapi?" Fundi akamjibu kwamba zinatakiwa zilingane, basi. Binti akaokota penseli, akaandika juu ya kipande cha mbao: 90 mara 90, 210 mara 210, akajumlisha akapata 52,200, akaomba simu ya fundi atafute kipeuo cha pili. "Inatakiwa isome 228 na nusu." Fundi akagonga tena, akapima. 228 na nusu, pande zote mbili.

Fundi wangu aliishia darasa la saba, na amepima fremu kwa namna hiyo miaka ishirini bila mtu kumweleza kwa nini inakubali. Yule binti alikuwa amefundishwa kanuni ya Pythagoras darasani na hajawahi kuona mahali inapofanya kazi. Somo la hisabati ndilo linaloangusha watahiniwa wengi zaidi kidato cha nne nchini kwetu, na mimi naamini sababu mojawapo ni hiyo: mtoto hajui namba hizo zinaishi wapi.

Nimepokea wanafunzi wa sekondari kwa miaka tisa sasa, na nimewasaidia jirani zangu wa gereji, duka la dawa na duka la pembejeo kufanya vivyo hivyo. Ninachoandika hapa ni utaratibu wenyewe, kwa mwenye biashara ndogo au ya kati ambaye angependa kufanya jambo hili na hajui aanzie wapi. Haihitaji pesa nyingi. Inahitaji muda uliopangwa, na kazi ya kweli ya kumpa kijana.

Kwa nini ni haraka

Mtoto huchagua kazi kati ya kazi alizoziona. Ukiwauliza wanafunzi arobaini wanataka kuwa nani, utasikia daktari, mwalimu, mwanasheria, askari, injinia, na orodha inaishia hapo. Kisha anajaza selform, ile fomu ya kuchagua masomo na shule za mbele, anachagua tahasusi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano, PCB au HGL au CBG, kwa kufuata rafiki au kwa kufuata somo alilofaulu muhula uliopita. Uamuzi huo utamfuata hadi chuo. Hakuna mtu aliyemwonyesha kwamba kwenye hospitali kuna fundi wa vifaa tiba, kwamba nyuma ya kila jengo refu kuna mkadiriaji majenzi, kwamba mwenye duka la pembejeo anayefanikiwa anajua kemia ya viuatilifu kuliko alivyowahi kuulizwa kwenye mtihani.

Kuna pia pengo la kalenda. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari kwa kawaida, na wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka kijana yuko nyumbani. Wengine hawatachaguliwa kabisa, na hao ndio wanaotuhitaji kuliko wote.

Na upande wa serikali mlango umefunguliwa zaidi kuliko zamani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Wazee wetu watakumbuka michepuo ya miaka ya 1970, kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga. Wazo si geni. Ila mkondo wa amali unahitaji mahali pa kufanyia mazoezi, na shule nyingi za kata hazina karakana. Sisi tunazo.

Hatua ya kwanza: andika kazi zako zote

Kabla hujaenda shuleni, kaa na daftari usiku mmoja. Andika kila kazi inayofanyika kwenye biashara yako kwa wiki, hata zile ndogo. Kwangu ilikuwa: kupokea oda na kupima nyumbani kwa mteja, kuchora, kukokotoa mbao, kununua, kukata, kuranda, kuunga, kupiga msasa na vanishi, kupeleka, kudai, kuandika mauzo, kutoa risiti ya EFD, kujibu wateja WhatsApp, kupiga picha za kazi zilizokamilika.

Sasa weka alama tatu. Alama moja kwa kazi ambazo mwanafunzi anaweza kufanya kwa mikono yake mwenyewe akisimamiwa. Nyingine kwa zile za kutazama tu. Ya tatu kwa zile asizotakiwa kukaribia. Kwa gereji, mwanafunzi anaweza kufungua tairi, kukagua maji ya betri na kuandika kadi ya gari, lakini haingii chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Kwa duka la dawa muhimu, anaweza kupanga dawa kwa tarehe za kuisha na kujifunza daftari la kumbukumbu. Hampi mteja dawa hata iwe ya maumivu ya kichwa, maana hiyo ni kazi ya mtoa dawa aliyesomea. Saluni, hoteli, duka la vifaa vya ujenzi, kila moja ina orodha yake.

Orodha hii ndiyo utakayokwenda nayo shuleni. Mwalimu akiiona anajua umejipanga.

Hatua ya pili: nenda shuleni, na nenda wakati unaofaa

Shule iliyo karibu nawe ndiyo ya kuanza nayo, ili mtoto asitumie nauli. Anza kwa mkuu wa shule. Usimtume kijana wako na barua. Nenda mwenyewe, umevaa vizuri, na barua mkononi ya ukurasa mmoja yenye mambo manne: wewe ni nani na biashara yako iko wapi, unapokea wanafunzi wangapi, kwa siku ngapi, na watafanya nini. Mkuu wa shule akikubali atakukabidhi kwa mwalimu wa taaluma au wa ushauri na unasihi. Huyo ndiye utakayefanya naye kazi, kwa hiyo chukua namba yake na umheshimu. Kwa jambo la siku kadhaa, mkuu wa shule atataka kumjulisha afisa elimu kata au afisa elimu sekondari wa halmashauri. Mwache afuate ngazi zake. Ukimharakisha utamtia mashakani na mradi utafia hapo.

Kuhusu wakati: usilete habari hii kuanzia Agosti kwa kidato cha nne. Wako kwenye mitihani ya majaribio, na mzazi atakuona mtu wa kuwapotezea watoto muda. Kidato cha pili nao wana upimaji wao wa taifa mwisho wa mwaka. Walio huru ni kidato cha tatu, na muda mzuri kwao ni likizo ya Juni. Ulizia kwanza kama shule ina kambi ya masomo likizo hiyo. Kwa waliomaliza kidato cha nne, anza kupanga Oktoba na wapokee Januari. Desemba waache wapumzike, wengi wanasafiri kwenda vijijini.

Hapa naeleza kosa langu, kwa sababu limewagharimu watoto. Mwaka wa kwanza nilipokea vijana sita kwa pamoja, wiki mbili kabla ya Krismasi, wakati kila mteja anataka makochi yake kabla ya sikukuu. Mafundi hawakuwa na nafasi hata ya kuwajibu salamu. Wale vijana walikaa juu ya rundo la mbao siku nne, wakafagia vumbi la randa, wakatumwa vocha na chai. Siku ya tano walikuja wawili. Nilikwenda kumwomba radhi mwalimu wao, na tangu hapo sipokei zaidi ya wawili kwa mara moja, na sipokei msimu wa kazi nyingi.

Hatua ya tatu: ingia darasani na kitu mkononi

Kama huwezi kupokea mtu kazini kwako, hatua hii peke yake inatosha kwa mwaka wa kwanza. Omba kipindi kimoja, dakika arobaini. Usiende kuhutubia. Wanafunzi wameshasikia "someni kwa bidii" mara elfu.

Beba kitu kimoja kutoka kazini na hesabu yake halisi. Mimi hubeba meza ya kusomea ya mninga na karatasi. Nawauliza: mnadhani nikiuza meza hii shilingi 75,000 nabaki na ngapi? Wengi husema 50,000. Kisha tunaandika ubaoni pamoja. Mbao 28,000. Gundi na misumari 4,000. Msasa na vanishi 9,000. Ufundi 20,000. Usafiri 3,000. Jumla 64,000. Zimebaki 11,000, na humo bado sijatoa pango, umeme wa LUKU, kodi, wala ile mbao iliyopasuka katikati. Darasa hunyamaza. Halafu maswali huanza, na ndiyo maswali niliyokuja kuyatafuta: mbona usinunue mbao kwa jumla? Mbona usiuze 90,000? Mteja akikukopa je? Hapo nawaeleza mali kauli ni nini na daftari lake linaonekanaje. Mwanafunzi anayesoma utunzaji wa hesabu anaona kwa mara ya kwanza kwamba debiti na krediti ni watu wenye majina wanaopita mbele ya mlango wako wakigeuza uso pembeni.

Waambie pia ulivyofika hapo ulipo, pamoja na sehemu mbaya. Ulifeli wapi, ulianza na mtaji gani, ni mwaka gani ulikaribia kufunga. Na ukiwa na mfanyakazi mwanamke kwenye kazi inayodhaniwa ya wanaume, nenda naye yeye na umwachie nusu ya kipindi. Fundi wangu wa vanishi ni mama wa watoto watatu. Akiingia darasani na mikono yake yenye rangi, wasichana humzunguka baada ya kengele na mimi hakuna anayenikumbuka.

Kabla hujatoka, mwombe mwalimu akusanye majina ya wanaotaka kuja kuona. Wawe wamejitaja wenyewe. Usikubali kuchaguliwa wale wa kwanza kimasomo tu.

Hatua ya nne: sheria, usalama na mipaka

Soma sehemu hii mara mbili.

Mwanafunzi anayekuja kujifunza si mwajiriwa wako, na usimgeuze kuwa kibarua kwa jina la mafunzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kuanzia umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu zisizomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Kazi za hatari haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwangu mimi mwisho ni saa 9 alasiri, mtoto afike nyumbani jua likiwa bado liko juu.

Karatasi zinazotakiwa ni tatu: barua ya shule, ridhaa ya mzazi au mlezi yenye saini na namba ya simu, na ukurasa mmoja wa masharti yako ambao mwanafunzi na mzazi wameusoma. Weka nakala kwenye faili. Eneo lako la kazi liwe limesajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, liwe na sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu ndani, na kizimamoto ambacho muda wake haujapita. Muulize mzazi kama mtoto ana bima ya afya, na kama hana, mkubaliane mapema ni kituo gani cha afya atapelekwa akiumia na nani atalipa. Mimi nalipa mimi.

Siku ya kwanza, kabla ya kitu chochote, mzungushe eneo lote. Mwonyeshe swichi kuu ya umeme iko wapi. Mashine ya kupasulia mbao kwangu imezungushiwa mstari mwekundu sakafuni, na mwanafunzi havuki mstari huo hata mashine ikiwa imezimwa. Viatu vya kufunika vidole. Kitenge au shati refu linaloning'inia haliingii karakana. Miwani na kizuia vumbi ni vya kwangu kumpa, si vya kwake kununua.

Kuhusu mabinti nasema wazi. Mfanyakazi yeyote asibaki na mwanafunzi peke yake mahali palipofungwa. Hakuna kumpigia simu au kumtumia ujumbe usiku. Mawasiliano yote yapitie kwa mzazi au mwalimu. Waite wafanyakazi wako wote siku moja kabla, wakumbushe kwamba Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 na anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 jela, na kwamba kwako atakuwa ameondoka siku ileile ya utani wa kwanza. Niliwahi kumwondoa fundi mzuri sana kwa sababu hiyo. Kazi zilichelewa mwezi mzima na sijutii. Mwambie mwanafunzi mwenyewe, mvulana au msichana, mtu wa kumwendea akiona jambo halimpendezi. Kwangu ni yule mama wa vanishi.

Hatua ya tano: mlezi mmoja, si wote

Mwanafunzi aliye wa kila mtu hutumwa na kila mtu. Teua mfanyakazi mmoja awe mlezi wake, na usimteue yule hodari kuliko wote. Mteue yule mwenye subira na anayependa kueleza. Kama mafundi wako wanalipwa kwa kipande, elewa kwamba siku akiwa na mwanafunzi atatoa kazi pungufu, na yeye hawezi kubeba hasara hiyo. Mfidie. Mimi huongeza kiasi cha siku moja ya kazi kwa kila wiki ya ulezi. Jirani yangu wa gereji alikataa kufanya hivyo mwanzoni, na kila mwanafunzi aliyempeleka alikuwa "anasumbua". Alipoanza kulipa, usumbufu ulikwisha.

Mfundishe mlezi mambo mawili tu. La kwanza, aeleze kwa sauti anachofanya wakati anakifanya: "naranda kufuata nyuzi za mbao, ukienda kinyume inang'oka." Mafundi wengi wanajua kwa mikono na hawajawahi kuulizwa kwa maneno, kwa hiyo siku mbili za mwanzo ataona aibu. La pili, asimfokee. Sisi tulijifunza kwa kufokewa na wengine kwa makofi, na tuliobaki tunadhani ndiyo njia. Walioondoka hatuwahesabu.

Hatua ya sita: wiki mbili, siku kwa siku

Muda ninaoupendekeza ni siku kumi za kazi. Pungufu ya hapo ni matembezi, na zaidi ya hapo mwanafunzi aliye bado shuleni anachoka.

Siku mbili za mwanzo anafuata. Anamfuata mlezi kila anakokwenda, pamoja na nyumbani kwa mteja kupima, pamoja na sokoni kununua mbao. Anabeba daftari dogo na kila jioni anaandika mambo matatu aliyoyaona na swali moja. Swali hilo ndilo linalonionyesha anakoelekea. Kijana mmoja kila siku aliuliza kuhusu wateja: kwa nini yule tumemshushia bei, kwa nini yule mama amekasirika. Hakupenda mbao hata kidogo. Alikuwa mtu wa biashara, na tulipoona hivyo siku zake zilizobaki alikaa mezani na mke wangu kwenye oda na madeni.

Siku ya tatu hadi ya tano, mikono. Kupima na kuweka alama, kupiga msasa, kusoma mchoro, kuhesabu vipande vya kitanda cha futi tano kwa sita kutoka mbao za futi kumi na mbili ili kipotee kidogo iwezekanavyo. Hili la mwisho ni hesabu tamu kuliko zote. Mpe kalamu na umwache ahangaike nusu saa kabla hujamwonyesha. Kazi anazofanya ziwe za kujifunzia au zikaguliwe na mlezi kabla hazijaenda kwa mteja.

Siku ya sita hadi ya tisa anapewa kazi moja yenye mwanzo na mwisho, ya kwake. Hapa ndipo penye uzito wa mpango wote, usipapunguze. Kwangu ni stuli, kwa vifaa vya mkono: msumeno, randa, patasi, gundi. Anachora, anakokotoa gharama, anatengeneza, anapiga msasa, anaitia vanishi, anapanga bei. Duka la pembejeo, inaweza kuwa kutengeneza jedwali la mbegu za mahindi zilizomo dukani, muda wa kukomaa wa kila moja na ukanda zinaofaa, kisha kulibandika ukutani wakulima walitumie. Hoteli ndogo, kuandika upya maelezo ya vyumba kwa Kiswahili na Kiingereza. Gereji, kufungua na kufunga breki za gurudumu moja la gari lililoegeshwa la mafunzo na kuandika ripoti. Kazi iwe na mtu anayeihitaji kweli. Mtoto anajua mara moja kama umempa kazi ya kumpotezea muda.

Kosa likitokea, na litatokea, usimfanyie wewe. Stuli nyingi huyumba. Nawaacha waitafute sababu: mguu mmoja umepungua milimita tatu, au tundu halikuchimbwa wima. Wakipata wenyewe hawasahau.

Siku ya kumi ni ya kukaa chini. Anawaonyesha wafanyakazi wote alichotengeneza na kueleza kilichomshinda. Wanamuuliza maswali. Mzazi akiweza kuja, aje. Kisha unaongea naye peke yenu mahali pa wazi, nusu saa, na unamuuliza swali moja: ungependa kazi hii iwe maisha yako? Akijibu hapana, mpongeze sawasawa na aliyejibu ndiyo. Amejua jambo hilo akiwa na miaka kumi na saba, bure, badala ya kulijua chuoni ada ikiwa imeshalipwa. Muulize ni nini hasa hakukipenda, kukaa vumbini, kusimama kutwa, kubishana na wateja, kisha mfikirie pamoja ni kazi zipi hazina hicho.

Pesa

Mwanafunzi asilipe chochote. Ukimtoza mzazi hata shilingi elfu tano ya "fomu", umeharibu. Wewe mpe nauli ya daladala kama anaishi mbali, na chakula cha mchana anachokula pamoja na wafanyakazi wengine. Mshahara kwa siku kumi za mwanafunzi wa kidato cha tatu sitoi, ila kile alichotengeneza kikiuzwa anapewa faida yake na ninamwonyesha hesabu. Yule binti wa Pythagoras alipata shilingi 6,000 za stuli yake.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne anayebaki miezi mitatu au zaidi, mambo hubadilika. Baada ya mwezi wa kwanza anaingiza kazi, kwa hiyo mpe posho iliyoandikwa kwenye makubaliano, na kama umri na kazi vinaruhusu kuajiriwa, muajiri kwa mkataba na michango yake yote. Kumweka kijana nusu mwaka bila malipo kwa sababu "anajifunza" ni kumnyonya, na mtaa mzima unakuona.

Wenye wafanyakazi kumi na kuendelea tayari wanalipa tozo ya ufundi stadi kupitia TRA, ambayo sehemu yake inaendesha vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Wengine huniambia kwa hiyo wajibu wao umekwisha. Vyuo hivyo vinahitajika, nasi Morogoro tunavyo Kihonda na Dakawa, lakini mwanafunzi hawezi kuomba chuo cha fani ambayo hajui kama ipo.

Hatua ya saba: barua inayosema kitu

Usitoe cheti cha rangi chenye mhuri mkubwa na maneno "amehudhuria mafunzo". Andika barua ya kweli, aya mbili. Taja tarehe, alifanya nini kwa majina ya kazi zenyewe, alitumia vifaa gani, ulimwona anaweza nini, na bado ajifunze nini. "Anapima kwa usahihi wa milimita, anawahi, anauliza kabla ya kukata. Kuunga kwa ulimi bado." Barua kama hiyo itamfaa akienda kuomba chuo au kibarua kwingine, maana inasomeka kwamba imeandikwa na mtu aliyemwona akifanya kazi. Nakala moja mpe mwalimu.

Kwa aliyemaliza shule, kaa naye na mchore njia zake kwenye karatasi: kidato cha tano, vyuo vya ngazi ya cheti vilivyosajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, VETA, au kuendelea kazini. Akichagua kubaki kazini asidhani amekosa cheti milele. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti. Nilimpeleka fundi wangu wa darasa la saba, na cheti chake sasa kimetundikwa juu ya meza ya kurandia.

Mkiwa watano mtaani

Biashara moja inachukua watoto wawili kwa mwaka, labda wanne. Shule ina mamia. Kwa hiyo, ukishamaliza mwaka wako wa kwanza, waite jirani. Sisi tuko watano: karakana, gereji, duka la dawa muhimu, pembejeo na mama mwenye mgahawa. Kila Mei tunakutana pale mgahawani na mwalimu, tunagawana majina, na kila mwanafunzi anapata siku moja ya kutazama kwa mwingine kabla ya kuchagua siku zake kumi atakaa wapi. Agosti, maonyesho ya Nanenane yakiwa hapahapa mjini, mmoja wetu huwachukua wale waliopita kwetu wakazungumze na watu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo, na wenye mashine, wakiwa na maswali waliyoyaandika nyumbani.

Tuna daftari moja la pamoja: jina la kwanza la mwanafunzi, alifanya nini, alijibu nini lile swali la siku ya kumi, na yuko wapi mwaka mmoja baadaye. Kulijaza hilo la mwisho kunataka simu nyingi kwa wazazi, na mama wa mgahawa ndiye aliyejitwika. Kikao chetu kijacho ni Jumamosi ya pili ya Mei, saa 10 jioni, na fundi simu wa kona ameshaulizia kama kuna kiti.